Umra ya Mama Sabri

Mama Hashim hakuwa na desturi ya kubisha hodi. Aliishi ghorofa ya chini ya jengo lile tangu Inshirah hajang'oa meno ya utoto, na mlango wowote alioukuta bila komeo aliuhesabu kuwa wake. Ndivyo alivyomkuta Inshirah sebuleni, kanzu ya mama yake imetandazwa magotini, sindano mkononi, anashona jina kwenye ukosi kwa uzi mwekundu.

"Makubwa haya! Tangu lini nguo za mtu mzima zikatiwa jina? Mnampeleka shule?"

Inshirah aliikunja ile kanzu haraka, lakini nyingine zilikuwa zimekwisha kupangwa pembeni, kosi juu, uzi mwekundu unaonekana kwenye kila moja. Mama Hashim hakujua kusoma. Kuona aliona.

Msimamizi wa nyumba ya wazee kule Hilwani ndiye aliyetaka majina. Alisema nguo zote hufuliwa pamoja, isiyo na jina hupotea, na wao hawamlipi mtu. Inshirah alikuwa amekwenda kuiona nyumba hiyo kimyakimya, yeye na mumewe Farghali, wakiaga kwamba wanakwenda kununua vyombo vya harusi ya binti yao Rabab. Daktari alikwisha kumwambia: ukimnyanyua mama yako mara nyingine, pingili ya mgongo itatoka kabisa, na mtakuwa wagonjwa wawili ndani ya nyumba moja. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sabri, upande mmoja wa mwili ulikuwa umelala tangu kiharusi. Akili yake ilikuwa kali kama wembe. Mwili ndio uliokuwa mzigo, na mzigo huo ulikuwa ghorofa ya tatu.

Lakini Beni Suef, mji wao, si mahali pa kusema "nyumba ya wazee" na mlango uko wazi. Mama wa mchumba wa Rabab alikwisha kusema, akimzungumzia mtu mwingine kabisa, kwamba mtoto anayemtupa mzazi wake yeye hakai naye hata kwa chai. Aliyasema akiwa amekaa kwenye kochi lilelile, kikombe cha chai mkononi.

"Ni nguo za safari," Inshirah alisema.

"Safari gani, na mama hawezi kufika chooni?"

"Umra." Neno lilimtoka kama pumzi. "Kaka Sabri amemkatia tiketi, atampokea kule Jidda. Wenye msafara wanataka kila nguo iwe na jina, zisichanganyike."

Machozi yakamlengalenga Mama Hashim. Kisha akaweka kiganja mdomoni, akapiga kigelegele kilichoshuka ngazi zote tatu mpaka kichochoroni, na kabla hajakimaliza, dirisha la jirani wa ng'ambo lilikuwa limekwisha kufunguka.

"Inshirah," sauti ya mama yake iliita kutoka chumbani. "Njoo hapa."

*

Mama Sabri alikuwa amelala chali, mkono mzima umekunjwa juu ya shuka, macho kwenye dari.

"Umesema nini pale?"

"Umesikia, mama."

"Nimesikia. Nataka urudie, nione kama ulimi utakubali mara ya pili."

Inshirah alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Mimi nilikubali kwenda Hilwani," mama yake alisema. "Sikupiga kelele, sikumlaani mtu. Nilisema mtoto mgongo wake umekwisha, mume wake usiku kucha yuko kwenye tanuri la mikate, mchana anibebe mimi kama gunia la unga, haifai. Lakini Makka sikukubali. Nyumba ya Mungu umeifanya pazia la kufichia aibu yako?"

"Yetu, mama. Na ya Rabab."

"Rabab hana aibu yoyote. Ana umri wa kuolewa tu."

Farghali alirudi jioni ile akiwa amechanganyikiwa. Alisimama mlangoni, unga ungali kwenye nyusi zake. "Watu wananipa mkono wa heri tangu kituoni," alisema. "Muuza maharage amekataa hela yangu. Eti hawezi kumtoza mtu mwenye mahujaji nyumbani. Mimi nimekwenda wapi?"

Alipoelezwa alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, akaketi. "Mimi nilikuwa nimepanga kusema amekwenda kwa binamu yake Suez," alisema. "Hii ni bora. Suez mtu huenda kumtembelea."

"Haya, baba, endelea," Mama Sabri alisema kutoka kitandani. "Nipangieni na viatu nitakavyovaa."

"Samahani, mama. Sikukusudia."

"Hakuna anayekusudia humu. Ndiyo maana tumefika hapa."

Rabab aliingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akambusu bibi yake mkono ule usio na hisia. Mama Sabri alimtazama kitambo, kisha akavuta pumzi.

"Basi nitaubeba uongo huu. Lakini wewe, Inshirah, niambie jambo moja. Mtu anayekwenda umra hurudi. Mimi je?"

"Utarudi. Harusi ikishapita, Farghali atakodi kile chumba cha chini kilichokuwa duka la mpiga pasi. Hakuna ngazi. Tutatafuta msichana wa kunisaidia kukugeuza. Watu tutawaambia ulibaki kwa Sabri upumzike, kisha ukarudi. Nitakurudisha."

"Apa."

"Wallahi, mama."

"Apa tena, uniangalie."

Inshirah akaapa tena, akimwangalia.

*

Wageni walianza asubuhi iliyofuata. Anayekwenda kwenye Nyumba ya Mungu haondoki na kinyongo cha mtu, wala watu hawamwachi aondoke na chao. Walipanda ngazi mmoja mmoja na wawili wawili, wakileta sukari, biskuti, mikate ya jua, ile inayoumuliwa juani, ya kula njiani, kitambaa cheupe cha kushona kanzu. Kila mmoja aliketi kwenye kiti kando ya kitanda akasema, nisamehe, nami nimekusamehe. Na kila mmoja aliacha jina la kuombewa: mtoto asiyepata kazi, binti asiyeshika mimba, mume mwenye figo. Mama Sabri aliyarudia kwa sauti ili asiyasahau.

Inshirah alichemsha chai mpaka mitungi miwili ya gesi ikaisha. Kila alipoingia na sinia aliukuta uso wa mama yake umezidi kuwa mweupe.

Mama Hashim alikuja wa mwisho, baada ya wengine kuondoka, akafunga mlango. Aliketi. Akainuka. Akaketi tena.

"Nina jambo, Wagida," alisema. Ni yeye peke yake aliyebaki kumwita mama yule kwa jina lake. "Zamani kidogo. Ulikuwa na bata juu darini."

"Nilikuwa na bata wengi."

"Yule mwenye bawa jeusi. Aliyepotea wiki ile ya sikukuu."

"Hakupotea. Nilisikia harufu yake inatoka kwenye sufuria lako."

"Ulijua?" Mama Hashim alishika kifua. "Miaka yote hii ulijua, na ukanyamaza?"

"Wanao walikuwa wadogo, mumeo alikuwa jela. Ningefanya nini, nimtoe bata tumboni mwao? Nilichukia jambo moja tu. Hukunitilia hata mchuzi."

Mama Hashim alicheka mpaka akalia, akalia mpaka kilemba kikamlegea. Alimbusu mwenzake kipaji cha uso. "Nisamehe, shoga yangu. Uniombee magoti yangu pale mbele ya Kaaba. Nitaje kwa jina la mama yangu, usije ukachanganya. Zanuba binti wa Fahima."

"Nitakutaja."

Alipotoka, Mama Sabri aligeuzia uso ukutani. "Kila mtu ananiletea dhambi yake anaitua hapa anaondoka mwepesi," alimwambia binti yake. "Na mimi ile yangu nitaitua wapi? Nani nitamwomba msamaha, na yeye haruhusiwi kujua nimemkosea nini?"

Inshirah aliokota vikombe. Vikombe vilikuwa vingi.

Siku mbili kabla ya safari, Fundi Atiya, anayewachorea mahujaji safari yao ukutani mwa nyumba zao, akaegemeza ngazi yake mbele ya jengo. Farghali, aliyekuwa ndio kwanza amelala, aliteremka na suruali ya kulalia.

"Nani amekuita, fundi?"

"Kichochoro kizima. Mama Hashim amekusanya hela, rangi imeshalipiwa."

"Hii ni umra tu, si hija. Umra haichorewi ukuta. Watu watatucheka."

"Mgonjwa anayekwenda kwa Mola wake na mwili nusu, yake ni hija na zaidi," alisema Fundi Atiya, akichovya brashi. "Wewe kalale, mzee. Niletewe chai tu."

Alichora siku nzima. Kaaba nyeusi yenye mkanda wa dhahabu. Ndege yenye madirisha, na kila dirisha kichwa cha mtu. Mwanamke mwenye nguo nyeupe, mikono juu, amesimama imara kwa miguu miwili. Juu yake akaandika kwa herufi kubwa za kijani: Umra iliyotakabaliwa na dhambi iliyosamehewa, Hajjati Wagida Mama Sabri. Watoto walishangilia kila rangi ilipobadilika. Inshirah alimpelekea chai mara nne, na kila mara alimshukuru. Mara ya nne alisimama pale akiitazama ile ndege mpaka fundi akamuuliza kama kuna kosa.

"Hapana," alisema. "Mkono wako umebarikiwa."

*

Asubuhi ya safari wanawake walijaa ngazini na matari. Farghali na binamu yake mwenye gari walimshusha Mama Sabri kwenye kiti cha magurudumu cha kuazima, ngazi moja baada ya nyingine. Alikuwa amevaa nyeupe kuanzia kichwani, kwani majirani ndio walioshona kanzu ile, wakamvika wenyewe. Chini ya ukosi wake mweupe, pasipoonekana, Inshirah alikuwa ametia jina kwa uzi mwekundu.

Walipomfikisha nje alinyanyua macho kwenye ukuta. Matari yakanyamaza, watu wakamngoja aseme.

"Atiya amenipa miguu mizuri," alisema.

Watu wakacheka, wakafuta machozi, nyimbo zikaanza upya. Mama wa mchumba wa Rabab alikuwepo, amekuja kwa teksi kutoka ng'ambo ya mto. Alimbusu Inshirah mashavu yote mawili. "Nyumba inayomheshimu mzazi," alisema kwa sauti ya kusikika, "mtu anachukua mke humo akiwa amefumba macho."

Mama Hashim akaingia garini.

"Unakwenda wapi?" Farghali aliuliza.

"Uwanja wa ndege. Nitamuaga mpaka mlango wa ndege."

"Gari halina nafasi, Mama Hashim. Kiti cha magurudumu kinakuja nyuma."

"Nitakipakata."

Walibishana mpaka wakakubaliana awasindikize hadi kituo cha mafuta cha mwisho wa mji. Njia nzima aliushika mkono wa shoga yake, ule usio na hisia, akauimbia. Aliposhuka alisimama kando ya barabara, akipunga mtandio. "Usinisahau!" alipiga kelele. "Zanuba binti wa Fahima! Magoti yote mawili!"

Gari liliondoka. Binamu alinyoosha mkono awashe redio, kisha akaurudisha. Walipokaribia Hilwani, Mama Sabri alisema, "Yale majina nimeyashika yote. Mungu wa Hilwani si ndiye huyohuyo?"

"Ndiye, mama," alisema Farghali.

"Basi msinisemeshe. Nimeanza."

Nyumba ya wazee ilikuwa safi, na ilinuka dawa ya sakafu na dengu. Muuguzi aliyewapokea alikuwa msichana mchangamfu mwenye miwani. "Karibu, hajjati! Nyeupe yote hii, umekosea njia nini?"

"Sikukosea mimi," Mama Sabri alisema.

Walimwingiza kwenye chumba cha ukaguzi, pazia halikufunga vizuri. Farghali aligeukia ukuta. Yule msichana wa miwani na mwenzake wakamvua zile nguo nyeupe, wakamgeuza huku na huku, wakitafuta vidonda vya kulala. "Hiki cha kiunoni mmekuja nacho," alimwambia Inshirah, na akampiga picha kwa simu. "Na hiki cha kisigino. Umeviona wewe mwenyewe, eeh? Baadaye ndugu wanakuja wanatugombeza kwamba tumemharibia mtu wao." Inshirah aliitikia kwamba ameviona. Mama yake alifumba macho, midomo inacheza. Alikuwa bado kwenye majina.

Bangili yake ya dhahabu haikuruhusiwa. Haikutoka kwa wepesi, ikabidi sabuni. Inshirah aliitia mkobani akahisi kama ameiiba.

Walimlaza katikati ya wanawake wawili. Wa kulia alikuwa amelala. Wa kushoto, kizee mwenye jino moja, alimtazama mgeni kwa hamu.

"Watoto wangapi?"

"Wawili."

"Mimi watano," alisema kizee, akacheka sana. "Watano, dada! Nimekushinda!"

Inshirah aliinama kumuaga mama yake. Alitaka kusema yale ya chumba cha chini, arudie kiapo. Mama yake alimwahi.

"Nenda, kabla hamjakutwa na foleni. Na mkifika, msiingie kichochoroni mkiwa mmenuna. Mtu aliyempeleka mama yake umra hurudi anatabasamu."

*

Na kweli walijitahidi kutabasamu. Msimu wa baridi ukaingia ukatoka. Majirani waliambiwa umra imekwisha salama, na Mama Sabri amebaki kwa mwanawe ale hewa ya joto. Kila Ijumaa, baada ya alasiri, yule muuguzi wa miwani alimpa Mama Sabri simu yake. Mama na binti walizungumza kidogo, chakula, kidonda cha kisigino kimepona, kizee wa jino moja amefiwa na mmoja kati ya wale watano na watu hawajui wamwambieje. Mwishoni mama aliuliza kila mara, "Na chumba?"

Chumba kilikuwepo. Farghali alikilipia hata kabla harusi haijafika, kwa hela ya kuuza bangili, kwa ruhusa ya mwenyewe. Alipaka chokaa, akatia mlango mpana, akapigilia chuma cha kushikia chooni. Kazi hiyo aliifanya asubuhi akitoka kwenye tanuri, kabla ya kulala. "Mwambie nimeweka na dirisha la kuangalia watu," alisema. "Asichoke."

Mwezi wa Rajabu, Mama Hashim akapata safari yake mwenyewe. Msikiti ulipiga kura ya kumpeleka mjane mmoja umra, kura ikamwangukia yeye. Alikuja kuaga na kikapu kizito. Ndani yake mlikuwa na bata mzima aliyekaangwa kwa samli, amefungwa kwa vitambaa.

"Nitampelekea mwenyewe mpaka Jidda," alisema. "Nina deni la mchuzi."

Inshirah alimwambia Sabri anakaa mbali, mji mkubwa, kazi ni nyingi, hapatikani. Mama Hashim alimpigapiga begani. "Hashim ameshapata anwani kwa kijana anayefanya kazi na Sabri. Usiwe na wasiwasi, binti yangu, mimi sipotei."

Inshirah alimpigia kaka yake simu. "Ukimwona mlangoni, mwambie mama amerudi Misri. Mwambie yuko njiani." Sabri alisema ndiyo, ndiyo, alikuwa juu ya jukwaa la kazi na upepo ulikuwa unavuma.

Siku ya Jumatano asubuhi Inshirah alikuwa kwenye kile chumba cha chini, anasugua sakafu. Mtoto wa Mama Hashim aliingia mbio, akasimama, akavua kofia.

"Dada Inshirah. Pole sana. Mama amenipigia sasa hivi kutoka kwa Sabri. Mungu amemchukua mama yetu, Mama Sabri. Alizikwa palepale Makka."

Ndoo ikapinduka. Kwa kitambo Inshirah aliamini. Alikaa kwenye maji yale ya sabuni, akatoa simu, akapiga Hilwani kwa vidole vilivyokuwa vinateleza.

"Mama Sabri?" alisema muuguzi wa miwani. "Yupo hapa, anakula mtindi. Nikupe uongee naye?"

"Hapana. Hapana. Mwache ale."

Kisha akampigia Sabri.

"Ningefanyaje?" Sabri alisema. Sauti yake ilikuwa inalia. "Alisimama mlangoni na kikapu chake, anaita 'Wagida, Wagida, nimekuletea bata.' Mke wangu akamwambia hayupo. Akasema hayupo wapi, mtu hawezi kutembea? Akaanza kutafuta vyumbani, Inshirah! Chumba kwa chumba! Niseme amerudi? Angewapigia simu nyinyi mumtoe aongee naye. Ulimi ukaniteleza."

Alipopanda ngazi, wanawake walikuwa wamekwisha kuwa ndani. Mtu alikuwa amegeuza kioo kikatazama ukuta, kwa desturi ya msiba. Farghali alisimama jikoni, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Waambie," alimnong'oneza.

"Waambie wewe."

"Ni mama yako."

"Ni binti yako."

Wakatazamana. Chini hema la matanga lilikuwa linasimamishwa, na fundi wa vipaza sauti alikuwa anajaribu: moja, mbili, moja, mbili. Mama wa mchumba aliingia sebuleni akiwa amevaa nyeusi, wa kwanza kutoka nje ya mtaa. Alifungua mikono. "Kwenye ardhi ya Mtume," alisema. "Kifo gani bora kuliko hicho? Harusi tutaisogeza, mwanangu, haina haraka. Mungu amrehemu."

Na Inshirah, ambaye tangu ngazini alikuwa ameyapanga maneno ya kweli mdomoni, alijisikia anajibu, "Amin."

*

Siku ya tatu ya matanga ilikuwa Ijumaa. Baada ya alasiri simu ilitikisika kifuani pake. Aliingia chooni akafunga komeo.

"Mbona unachelewa kupokea?" mama yake aliuliza. "Nani huyo anasoma Kurani kwa sauti kubwa hivyo? Kuna msiba?"

"Jirani, mama."

"Jirani gani?"

Inshirah alitafuta jina. Kila jina lililomjia lilikuwa la mtu mzima wa afya, na hakuthubutu kumuua wa pili. Wakati bado anatafuta, sebuleni mwanamke mmoja alipaza kilio: "Ee Mama Sabri, ee mwenye bahati! Ulitoka hapa unacheka, umelala karibu na Nyumba ya Mungu!"

Ilisikika televisheni ya kule Hilwani, na mtu anakohoa.

"Nimekufa lini?" aliuliza Mama Sabri.

"Mama..."

"Nimekuuliza, Inshirah."

"Jumatano. Sabri alisema. Mama Hashim alifika mpaka mlangoni kwake."

"Na nikazikwa Makka."

"Ndiyo."

"Watu wamekuja?"

"Wengi. Mpaka nje ya kichochoro."

"Na mama wa yule kijana?"

"Alikuja wa kwanza."

"Hmm. Sogeza simu dirishani. Nisikie."

Inshirah alisimama juu ya beseni lililopinduliwa, akainyoosha simu kwenye kidirisha cha kupitishia hewa. Alisimama hivyo mpaka msomaji akamaliza sura. Alipoirudisha sikioni, mama yake alikuwa anapumua taratibu.

"Huyo anayelia kuliko wote ni nani?"

"Mke wa muuza maharage."

"Nilidhani hanipendi," alisema Mama Sabri.

"Mama, nitakuja kukuchukua. Kesho. Chumba kiko tayari, kila kitu kiko tayari. Nitawaambia watu wote, potelea mbali. Wallahi nitakuja."

"Unichukue unipeleke wapi, mwanangu?"

Mtu alikuwa anagonga mlango wa choo, kwanza kwa upole, kisha kwa nguvu. "Inshirah, uko salama? Toka, wageni wanaaga!"

"Nenda," mama yake alisema. "Mwenye msiba haachi wageni wakaondoka bila kupewa mkono. Watasema hukufunzwa." Na simu akaikata mwenyewe.

Inshirah alinawa uso. Alifungua mlango. Wanawake walikuwa wamejipanga kuanzia sebuleni mpaka ngazini, nyeusi kwa nyeusi, na wa mbele alikuwa mama wa mchumba. Aliushika mkono wa Inshirah kwa mikono yake yote miwili, akasema lile linalosemwa kwenye kila msiba, linalosemwa bila kufikiriwa:

"Umri wake uliobaki na uwe wako."

Inshirah akaupokea.